Baba akiinuka ghafla anaona giza, ni moyo au ni kichwa?

mama_wawili: Wakuu habari zenu. Baba ana miaka 68, yuko kwenye dawa za presha muda mrefu, juzi kaongezewa ya tezi dume. Tangu hapo alfajiri akiinuka kwenda kuswali anaona giza mpaka ashike ukuta, na tukimpima akiwa amekaa presha iko poa kabisa. Naogopa ataanguka jamani.

nesi_wa_zamu: Pole sana dada. Mtu akisimama damu nusu lita au zaidi inashukia miguuni na tumboni, presha inataka kudondoka. Sasa kwenye mshipa mkubwa wa shingoni chini ya taya, na kwenye aota, ule mshipa mkuu wa damu, pale inapotoka kwenye moyo, kuna neva zinazohisi ukuta wa mshipa unavyotanuka. Ukilegea, medula, ile sehemu ya chini ya ubongo inayoungana na uti wa mgongo, inapata taarifa na kufanya mambo mawili: inaachia breki ya neva ya vagasi, moyo unaongeza mwendo hapo hapo, halafu inaamuru mishipa ibane, hilo linachukua sekunde kadhaa. Baadhi ya dawa za tezi dume zinazuia mishipa isibane. Mwambieni daktari haraka ila msimwachishe wenyewe.

Kibopa255: Mkandeni shingo pande zote mbili damu ipande kichwani, ata bibi yangu alikuwa anafanyiwa hivyo

nesi_wa_zamu: Hapana ndugu yangu, usimpe ushauri huo! Ukibonyeza pale shingoni ubongo unadhani presha imepanda, unapunguza mapigo na kulegeza mishipa, mzee anaweza kuzimia mikononi mwenu.

mama_wawili: Asante dada. Sukari pia anayo, miaka mingi.

nesi_wa_zamu: Hapo umesema jambo kubwa, maana sukari inaharibu hizo neva zenyewe. Alale dakika 5 mpime, asimame mpime dakika ya 1 na ya 3, awepo mtu wa kumshika. Ya juu ikishuka 20 au ya chini 10, hiyo ndo shida yake. Na mapigo muandike, watu wengi wanayasahau: presha ikishuka mapigo yasipande sana, neva ndo zinashukiwa, yakiruka juu pengine ni upungufu wa maji. Karatasi hiyo mpeni daktari. Kwa sasa akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu, ndo asimame.