Odumbe alifungiwa kwa nini hasa?

MpiraTu: Wadau, mzee wangu ukimtajia kriketi anaanza na Maurice Odumbe, eti hapajatokea mchezaji kama yeye Kenya, halafu ukimuuliza aliishia wapi ananyamaza. Alifanya nini huyu jamaa? Ni kweli aliuza mechi?

Babu_Gymkhana: Mzee wako hajakosea. Kombe la Dunia 1996, mara yetu ya kwanza kushiriki, tuko Pune, India, tunacheza na West Indies. Sisi tukatolewa wote kwa mikimbio 166, kila mtu akajua hapa tumekwisha. Wapi! Rajab Ali wetu akarusha, Brian Lara, mpigaji wao nyota, akagusa kidogo tu na Tariq Iqbal, yule mlinda wiketi wa miwani ambaye mpira ulikuwa unamponyoka ponyoka, siku hiyo akaudaka. Kutoka hapo ikawa ni mporomoko, West Indies wote nje kwa 93. Odumbe ndiye alikuwa nahodha, alichukua wiketi 3 (yaani aliwatoa wapigaji 3) kwa mikimbio 15 tu na akawa mchezaji bora wa mechi. 1998 akawafanyia India hivyo hivyo kule Gwalior, mikimbio 83 kwa bati na wiketi juu yake.

Kijana_wa_Pangani: @MpiraTu kuuza mechi hapana, usichanganye. Agosti 2004 alifungiwa miaka 5 baada ya jaji mstaafu wa Zimbabwe, Ahmed Ebrahim, kusikiliza kesi na kumkuta na hatia ya kupokea pesa kutoka kwa mtu wa kamari wa India. Mwenyewe alikana. Lakini sheria haingoji mpaka uharibu mechi, ukishakula pesa ya bukmeka, huyo mtu wa kamari, umeshaingia.

Babu_Gymkhana: Sawa, ila mkumbuke na hali ya wakati ule jamani, mwaka uliotangulia tumefika nusu fainali ya Kombe la Dunia na bado wachezaji na chama wanavutana kuhusu malipo. Simtetei. Nasema tu mwenye pesa za kamari hahangaiki sana kumpata mchezaji asiyejua atalipwa lini.

Kijana_wa_Pangani: Mzee, Steve Tikolo aliyecheza naye timu ya taifa si alikuwa chini ya chama hicho hicho, njaa hiyo hiyo? Mbona yeye hakufungiwa?

MpiraTu: Hapo umemshika 😂 Na baada ya hiyo miaka 5?

Babu_Gymkhana: Alirudi 2009 akiwa na miaka 40, akacheza tena kriketi ya klabu. Na 2018 wakampa ukocha wa timu ya taifa, ila timu yenyewe ilikuwa ishapoteza hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja tangu 2014.