Mvua zikishika tupande nini mtaani: mwashoki au mkwaju?

Mleta mada, Tudor

Hamjambo nyote. Naleta hapa jambo lililotugawanya barazani Jumapili, maana naona si la mtaa wetu wa Tudor, Mombasa, peke yake. Tumechanga pesa za miche 40, ipandwe kando ya njia na mbele ya nyumba masika yakianza. Karibu wote walitaka miashoki: imesimama wima, haitanui matawi, na mgeni akiiona anajua hapa pana mpango. Mimi na mzee mmoja tukasema mwashoki, kama mwarobaini, ni mti mgeni; tupande miti ya pwani hii: mkwaju, mfudu, mjafari, mbambakofi pale penye nafasi, na mbungo utambae kwenye uzio. Tukaambiwa tunataka kuwaletea watu pori.

Sababu yangu ni hii. Ukitaja mimea ya kusaidia nyuki na vipepeo, watu hufikiria maua. Lakini ua kwa kipepeo ni kama kikombe cha chai kwa mpita njia. Hata la ugenini atakunywa. Kinachoamua kama mwakani atakuwepo ni jani, kwa sababu kiwavi wake hali kila jani. Aina nyingi hushikilia jamii moja au chache tu za mimea, na jike huligusa jani kwa miguu na kulionja kabla hajataga. Waulizeni wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao kupitia mradi wa Kipepeo pale Gede wamekuwa wakifuga na kuuza pupa (kiwavi aliyejifunga, kabla hajawa kipepeo) nje ya nchi tangu 1993. Kwanza unaotesha mti wanaoula viwavi, ndipo unapata kipepeo.

Nauliza basi: pesa ya wote ikipanda miti mahali pa wote, je, si haki iwe miti inayolisha viumbe wa hapa na kuwapa ndege makao?

Mama wa Kisauni

Mwanangu, maneno yako mazuri, lakini mimi nimeuguza. Mombasa tumeona homa ya dengi, tukaona chikungunya mwisho wa 2017 kuingia 2018, watu wakitembea wameinama kama wazee. Ukiniambia vichaka mlangoni, mimi nasikia mbu, na nyoka juu yake. Tena hao ndege unaowatakia makao, kunguru atawaacha? Mayai ya chozi, yule ndege mdogo wa maua, hayafiki kuanguliwa. Na mwarobaini mnaouita mgeni umetutibu sisi na watoto wetu. Msije mkaanza na miashoki mkaishia kukata mwarobaini wangu.

Mleta mada, Tudor

Mama, shikamoo. La mbu silidharau hata kidogo. Ila mbu wa dengi na chikungunya hutaga kwenye maji yaliyotulia: pipa lisilofunikwa, tairi kuukuu, kisahani chini ya chungu cha maua. Na sisi mapipa tunayaweka kwa kuwa mfereji hukaa siku nyingi haujatoa tone. Mbu aliyekomaa hupumzika kwenye majani, kweli, na ndiyo maana sisemi tuache vichaka vikumbatie madirisha. Mkwaju ni mti wenye shina. Chini yake unafagia na watoto wanacheza.

Kunguru, mama, umenena kweli tupu. Ndege huyu aliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, akaonekana Mombasa 1947, na mwaka 2024 serikali ikatangaza inataka kuwaondoa milioni moja. Mkwaju peke yake hautamshinda. Lakini chozi akikosa pa kula na pa kujificha, hata kunguru wakiisha yeye hatarudi.

Mwarobaini wako hakuna atakayeugusa. Ninachokataa ni kuongeza mwingine. Fikiria: jani lake hilo hilo tunalichanganya na nafaka ili wadudu wasile. Mti tunaousifu kwa kufukuza wadudu hatuwezi kuupanda tukitarajia ulee viwavi.

Fundi wa bustani, Nyali

Mimi kazi yangu ni hii, kwa hiyo nitasema ukweli wa kazini. Mteja hanunui mti, ananunua picha ya siku ile. Mkwaju ni wa polepole. Mwaka wa kwanza mteja anaona kijiti. Mwashoki ukitoka kitaluni tayari umemzidi kimo. Na ukienda vitaluni kutafuta mfudu au mjafari, mara nyingi utarudi mikono mitupu. Bogenvilia nazo msizitukane: kiangazi kizima hazidai maji, wakati nyasi za bwana mkubwa zinakunywa maji ambayo jirani anayanunua kwa mtungi.

Halafu kuna Bamburi. Ule mgodi wa matumbawe wa kiwanda cha saruji ulipoanza kupandwa miti mwaka 1971, Haller, aliyeisimamia kazi hiyo, hakuanza na kila mti wa asili. Alijaribu aina kadhaa, nyingi zikafa, mvinje ukashika. Jongoo wakayala majani yake ya sindano yakawa udongo, na miti mingine ikafuata. Anzeni na kinachokubali.

Mleta mada, Tudor

Fundi, hapo kwa vitalu umegusa kidonda. Lakini Bamburi inaniunga mkono mimi: mvinje ulikuwa mlango, na kazi ikaendelea hadi ukawa msitu wa miti mingi. Sisi tunapanda mwashoki tunapiga picha, tumemaliza. Na udongo wa Tudor si mwamba mtupu. Mkwaju unakubali bila kubembelezwa.

Binti wa Mji wa Kale

Naomba niulize kwa heshima. Asmini ni mgeni? Mlangilangi? Vyote vilitoka Asia. Bibi yangu akisuka kikuba cha asmini na rehani ndani ya nyumba ya mawe isiyo na shibiri ya udongo, mtamwambia hiyo si bustani ya pwani?

Na mdimu wangu uko kwenye ndoo juu ya paa. Mwezi uliopita niliona kama kinyesi cha ndege kwenye jani, nikataka kukifuta kwa kidole, kikajikunja. Kiwavi. Baada ya siku kadhaa akawa wa kijani mnene, na nikimgusa anatoa pembe mbili laini nyuma ya kichwa, zinanuka vibaya. Ameninyoa matawi mawili. Mdimu nao si wa Afrika, lakini huyo amekula na kushiba.

Mleta mada, Tudor

Dada, asante, hili limenifanya nifikiri usiku kucha. Asmini ni yetu, na sitaki mjadala huu uwe wa kumkagua bibi yako pasipoti. Huyo kiwavi wako ni wa kipepeo wa Afrika, mweusi mwenye madoa ya manjano. Anaukubali mdimu kwa kuwa ni jamii moja na mjafari, ule wenye miba shinani ambao wazee huuchemsha kwa dawa. Amepata nduguye. Wengi wa wenzake hawana ndugu wa kukimbilia humu mjini. Mwachie hayo matawi mawili, mdimu utachipua.

Mfugaji nyuki, Mikindani

Mizinga yetu iko kando ya mikoko ya mkondo wa Tudor. Mchu, mmoja wa mikoko hiyo, ukitoa maua, nyuki hawana shida. Ukimaliza, wanaingia mjini kutafuta, na hapo ndipo njaa huanza. Mwarobaini huwapa kidogo, nisidanganye. Lakini tunda lake linaliwa na ndege na popo, na mbegu zinaangushwa hadi kwenye misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda ambayo UNESCO iliiorodhesha 2008. Nimeona miche yake chini ya miti iliyotunzwa na wazee vizazi na vizazi. Pia msisahau mbuyu. Ua lake hufunguka jua likichwa na popo ndio wanaolihudumia usiku. Mabuyu tunayonunua barabara ya Mama Ngina yameanza na popo tunaowapiga mawe.

Mleta mada, Tudor

Nimesoma yote na nabadilisha pendekezo langu. Miche 40: 10 iwe miashoki pale penye waya za umeme na njia nyembamba, 30 iwe ya hapa. Asmini na ndimu kila nyumba ipande yake. Hakuna mwarobaini mpya, na uliopo unabaki.

Vitalu visitukwamishe. Nimeotesha kokwa za ukwaju wa jikoni kwenye pakiti za maziwa. Nilizikwangua ganda kidogo, nikaziloweka usiku mmoja, na nane zimeshatoa majani. Mwenye mti wa mfudu au mjafari kwao aniambie, nije nichukue mbegu. Fundi, kwa mjafari utanielekeza? Jumapili tukitoka kuswali alasiri tuko barazani, na mama wa Kisauni nakuomba uje uchague mwenyewe miche itakaa umbali gani na madirisha.