Sesuvium ya ufukweni: vipando vinaoza, na chumvi yake jikoni inapunguzwaje?

ShambaTanga: Wakuu, habari za kazi. Kisima cha bustani kimeingia chumvi: mchicha unaungua kingo za majani, bilinganya zinadumaa. Nataka kuhamia kwenye Sesuvium portulacastrum, ule mmea wa ufukweni wenye mashina mekundu yanayotambaa, majani manene na maua ya zambarau. Vipando vinakuwa vyeusi chini na kuoza kabla ya kutoa mizizi. Tatizo nini? Na chumvi yake inapunguzwaje wakati wa kupika?

PwaniKijani: Mara nyingi weusi huo unaanzia kwenye kidonda kibichi. Shina limejaa maji. Likifukiwa saa ileile kwenye udongo mzito uliolowa, linaoza. Kata ncha za sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya kifundo (pale jani linapoota kwenye shina). Ondoa majani ya nusu ya chini, kisha ziache kivulini siku nzima kidonda kikauke. Fukia vifundo viwili tu, ndipo mizizi hutokea, na jani lolote lisiingie udongoni. Mchanga sehemu 3, mboji iliyoiva sehemu 1, nafasi sentimita 30, jua kamili.

Wiki mbili za mwanzo mwagilia maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hata ya mvua. Mmea unapenda chumvi, ndiyo, lakini kipando kisicho na mizizi hakiwezi kuvuta maji ya chumvi. Kikishashika, rudi kwenye kisima chako. Asiye na kisima cha chumvi achanganye maji ya bahari sehemu 1 na maji baridi sehemu 3. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo zinabaki kama 9, na majani hunenepa kuliko kwa maji baridi matupu.

UdongoHai: Naongezea: inua tuta sentimita 20. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, mwagilia maji baridi mengi mpaka yapenye hadi chini. Na tafadhali, mabaki ya Sesuvium yasiingie kwenye mboji ya mchicha. Chumvi iliyovutwa iko ndani ya majani; yakioza inarudi ardhini.

JikoLaNazi: Chuma ncha laini tu, za sentimita 5 hadi 8, shina la zamani lina nyuzi. Chemsha dakika 5 kwenye maji mengi yasiyotiwa chumvi, mwaga, suuza, kamua. Onja. Bado kali? Rudia. Maji yale yanaondoka na chumvi pamoja na sehemu ya oksaleti (kemikali ya majani inayochangia mawe ya figo), kwa hiyo usiyafanye mchuzi.

Kaanga kitunguu na nyanya, tia mboga, kisha tui, ukikoroga lisikatike. Ndimu baada ya kuepua. Ukitia ng'onda (samaki mkavu wa chumvi), iloweke kwanza, la sivyo chumvi itakuwa maradufu. Wafilipino huiita dampalit na huifanya achari: siki kikombe 1, maji nusu kikombe, sukari vijiko 3, tangawizi na kitunguu saumu. Iwekwe kwenye friji.

ShambaTanga: Nimeelewa, asanteni. Je, iliyoota yenyewe ufukweni inafaa kuliwa?

PwaniKijani: Kwa mbegu ya kupanda, sawa. Kwa kula, usichume karibu na bandari, dampo au mfereji wa maji machafu, maana huvuta metali zenye sumu kama risasi na kadimiamu, na kuchemsha hakuwezi kukuhakikishia usalama. Mwenye presha au mawe ya figo ale kidogo sana, au aiache kabisa.