Naomba ushauri: kihamba cha ukoo chenye makaburi, tukigawe au tukimiliki kwa pamoja?

Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima. Baba yetu alifariki bila kuacha wosia, na kihamba chetu (yaani shamba la ukoo lenye makazi) huku Rombo, Kilimanjaro, ambacho hakifiki ekari moja, kina migomba, mibuni aliyoipanda babu, na makaburi ya wazee yaliyozungushiwa mimea ya masale. Mama bado anaishi humo, na majani ya migomba hiyo ndiyo chakula cha ng'ombe wake wa zizini.

Kaka zangu wawili wanataka kigawanywe ili kila mmoja awe huru kuuza sehemu yake, ilhali mimi na dada tunaamini kwamba kikikatwa vipande hakitamtosha mama, na makaburi yataangukia mikononi mwa wageni, jambo linaloniumiza sana. Kikao cha ukoo kilielemea kwa kitindamimba, ambaye kwa desturi yetu hurithi nyumba ya wazazi, lakini hatukuafikiana. Mwenyekiti wa kitongoji ametushauri tufungue mirathi mahakama ya mwanzo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu familia kuomba hati ya hakimiliki ya kimila. Je, waliowahi kuipata waliwekaje sharti la kutouza bila ridhaa ya wote? Na jina la mama liandikwe vipi ili asiweze kuondolewa?