Silabasi ya kemia inasawazisha milinganyo kwa vitu visivyokuwepo, na anayeandika sahihi ndiye anayekosa alama

Ndugu zangu wa Lubumbashi, hasa ninyi wenye watoto katika sehemu ya sayansi,

Ninaandika nikiwa na hasira. Binti yangu yuko sekondari, katika shule ambayo sitaitaja, na amerudishiwa karatasi ya jaribio la kemia ambamo jibu lake sahihi limekatwa kwa kalamu nyekundu kwa sababu moja tu: halifanani na lile lililomo katika silabasi, yaani ile fotokopi ambayo kila mzazi analazimishwa kuinunua mwaka unapoanza.

Swali lilikuwa la kawaida: kuandika na kusawazisha mlinganyo wa asidi ya salfuriki (H₂SO₄) inapozimwa na soda kostiki (NaOH), yaani inapopoteza ukali wake na kuwa chumvi na maji. Silabasi imejibu hivi:

H₂SO₄ + NaOH → NaSO₄ + H₃O

Tazameni vizuri, kwa maana ubaya wa jibu hili umejificha. Ukihesabu atomu, utakuta hidrojeni tatu kushoto na tatu kulia, oksijeni tano kwa tano, salfa moja kwa moja, sodiamu moja kwa moja. Hesabu imetoka, na mwandishi akaridhika. Lakini NaSO₄ haipo, kwa kuwa salfeti, ile SO₄, ina chaji mbili hasi na sodiamu ina moja tu chanya, hivyo lazima sodiamu ziwe mbili. Na hiyo H₃O isiyo na chaji yoyote sijui ni maji ya mto gani. Binti aliandika:

H₂SO₄ + 2NaOH → Na₂SO₄ + 2H₂O

Akapewa sifuri.

Katika chumvi kama hii, namba ndogo ya chini huamuliwa na chaji za ayoni, yaani zile chembe zenye chaji, wala haibadilishwi na mtu anayetaka hesabu yake itoke. Ukiigusa umebadilisha kitu chenyewe: ongeza oksijeni moja kwenye maji na utapata H₂O₂, dawa ya kusafishia vidonda. Namba tunayoruhusiwa kuiweka ni ile kubwa ya mbele, na huwekwa baada ya fomula zote kuwa sahihi, si kabla.

Najua atatokea mtu wa kuitetea silabasi kwa kusema kwamba moli moja ya asidi hiyo (moli ni kipimo cha idadi ya chembe) inaweza kukutana na moli moja ya soda. Ni kweli, lakini hapo inazaliwa NaHSO₄ pamoja na maji, chumvi ambayo bado ina hidrojeni ya asidi ndani yake. Silabasi haikuandika hivyo.

Mimi hufanya kazi katika maabara ya kupima maji yanayotoka kiwandani, kwa hiyo kwangu jambo hili si ugomvi wa alama tu. Mililita 20 za asidi hii yenye moli 0.1 kwa lita zinahitaji mililita 40 za soda yenye nguvu hiyo hiyo. Mwanafunzi wa silabasi atafunga bureti, ile mirija yenye vipimo ya kudondoshea soda, kwenye 20 na kuandika kwamba kazi imekwisha, ilhali nusu ya asidi ingalimo. Kwa kilo ni vivyo hivyo: kilo 98 za asidi huzimwa na kilo 80 za soda, si 40. Kwa chokaa iliyozimuliwa ni kilo 74, kwa sababu Ca(OH)₂ moja hubeba OH mbili. Mtoto asiyejua 2 inatoka wapi ataajiriwa kesho kuamua ni magunia mangapi ya chokaa yamwagwe kabla maji hayajaachiwa mtoni.

Kinachouma zaidi ni kwamba tunaishi juu ya mfano wenyewe. Malakiti, lile jiwe la kijani linalochongwa mapambo na kuuzwa hapa mjini, ni besi, yaani kitu kinachozima asidi, na viwanda vya shaba huyeyusha madini yake kwa asidi hiyo hiyo:

Cu₂(OH)₂CO₃ + 2H₂SO₄ → 2CuSO₄ + CO₂ + 3H₂O

Silabasi nzima haina hata mstari mmoja juu yake. Badala yake kuna kanuni, imepigiwa mistari miwili kabisa, kwamba kila hidrojeni iliyomo katika asidi inahitaji OH yake. Basi asidi ya siki, CH₃COOH, itahitaji soda nne! Inahitaji moja tu, kwa kuwa zile hidrojeni tatu zilizoshikamana na kaboni hazitoki.

Nimemwandikia prefe wa masomo, yaani mkuu wa shule, nikitaka ukurasa huo uondolewe na karatasi za darasa zima zisahihishwe upya. Jibu nililopata ni kwamba mwalimu ana uzoefu. Wazazi wenzangu, fungueni silabasi za watoto wenu mahali penye asidi ya fosforiki na chokaa. Panapaswa kusomeka:

2H₃PO₄ + 3Ca(OH)₂ → Ca₃(PO₄)₂ + 6H₂O

Kama mmekuta kitu kingine, pigeni picha ya ukurasa muiweke hapa chini, jina la shule likiwa limefunikwa, ili Jumatatu niende ofisini kwa prefe nikiwa na kurasa nyingi mkononi.