Pinot Noir ya kilimo hai: rangi hafifu na harufu ya mayai viza

Mkamuaji Mgeni:
Salaam, wanajamvi. Msimu uliopita nilipata kilo 100 za zabibu za Pinot Noir kutoka shamba la kilimo hai, nikaziponda kwa mikono na kuziacha zichachuke zenyewe ndani ya pipa lililo wazi, bila kuongeza chachu wala kitu kingine chochote. Baada ya kukamua nilibaki na lita 62 hivi za mvinyo. Matatizo yangu ni mawili. Kuanzia siku ya nne pipa lilinuka mayai viza, na harufu hiyo haijaisha mpaka leo. Tena rangi ni hafifu mno, kiasi kwamba naona vidole vyangu vizuri nikivishika nyuma ya glasi. Nilizichagua zabibu hizi nikiamini kwamba hazijaguswa na salfa, kwa hiyo sielewi harufu hii imetoka wapi. Je, zabibu za kilimo hai ndizo zenye kasoro, au mkono wangu ndio uliokosea?

Chachu Taratibu:
Ndugu Mkamuaji, dhana hiyo ya mwisho ndiyo ya kurekebisha kwanza. Kilimo hai hukataza dawa za ukungu zinazotengenezwa kwa kemikali za viwandani, lakini hakikatazi salfa ya unga wala shaba. Kwa kweli hizo mbili ndizo silaha kuu za mkulima wa aina hiyo, na huenda akazinyunyiza mara nyingi kuliko jirani yake wa kilimo cha kawaida. Pinot Noir nayo ina maganda membamba na vichala vilivyobanana kama koni ya msonobari (jina lake lenyewe linahusishwa na mti huo), hivyo unyevu ukiingia katikati ya kichala hautoki, na ukungu hupata makao. Mkulima anapopuliza salfa karibu na mavuno, mabaki yake huingia kwenye pipa, na chachu huyageuza kuwa gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo ndiyo hiyo harufu ya mayai viza. Safari ijayo muulize tarehe ya mwisho ya kupuliza salfa kabla hujauliza jambo lingine lolote. Mimi hutaka ziwe zimepita wiki tano au zaidi.

Sababu ya pili ni njaa. Chachu huhitaji naitrojeni, na baadhi ya mashamba ya kilimo hai, hasa yale ambayo nyasi huachwa zimee kati ya mistari na kushindana na mizabibu, hutoa juisi yenye naitrojeni kidogo. Naitrojeni ikiwa chini ya miligramu 150 hivi kwa lita ya juisi, chachu hutaabika na kutoa gesi hiyohiyo. Chakula cha chachu kilichotengenezwa kwa chachu iliyokufa hutosha mara nyingi: nusu mwanzoni, nusu nyingine theluthi ya sukari ikishaliwa. Ukichelewa zaidi ya nusu ya safari, chachu haitakipokea vizuri.

Bibi wa Pishi:
Naongezea kuhusu rangi, maana hapo sioni kosa kubwa. Pinot Noir haikuumbwa kuwa nyeusi. Maganda yake yana rangi chache, na hazina ile aina iliyo imara zaidi inayopatikana katika zabibu nyingine nyingi nyekundu. Asiyeipenda rangi hafifu atafute zabibu nyingine.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo sisi wa mapipa madogo husahau. Pipa kubwa hujipasha moto lenyewe wakati wa kuchachuka, ilhali kilo 100 hupoteza joto upesi, na huenda lako halikuvuka nyuzi 22 za Selsiasi. Lifunike kwa blanketi, lifike nyuzi 28 hadi 30 angalau kwa siku moja au mbili, na usukume chini maganda yanayoelea, mara mbili au tatu kwa siku, kwa upole, kwa sababu ukizisaga mbegu utapata uchungu usioondoka.

Mkamuaji Mgeni:
Nawashukuru sana. Muulizwe mkulima, nimeelewa. Lakini je, mvinyo huu nilio nao unaweza kuokolewa? Tena, nikiongeza salfaiti (chumvi ya salfa inayokinga mvinyo usiharibike), hautapoteza uhalali wa kuitwa wa kilimo hai?

Chachu Taratibu:
Mimina kiasi kidogo kwenye glasi mbili, utie kipande safi cha shaba katika moja, ukoroge, kisha unuse zote mbili bila kunywa. Harufu ikitoweka kwenye glasi yenye shaba, bado kuna tumaini. Ikibaki vilevile, huenda gesi imeshageuka kuwa misombo inayonuka kitunguu au mpira, ambayo baadhi yake shaba haiigusi kabisa. Dawa nyepesi ilikuwa kuuhamisha mvinyo kwa kuumwaga huku ukiurusharusha, mara tu harufu ilipoanza. Sasa hivi kuurusha kutaongeza oksijeni tu.

Kuhusu jina, sheria hazifanani. Umoja wa Ulaya huruhusu hadi miligramu 100 za salfa dioksidi (gesi inayotokana na salfaiti) kwa lita katika mvinyo mwekundu mkavu, yaani usio mtamu, wa kilimo hai, lakini Marekani mvinyo uliotiwa salfaiti hauwezi kuitwa mvinyo wa kilimo hai, bali uliotengenezwa kwa zabibu za kilimo hai.

Bibi wa Pishi:
Mimi huiongeza, ila subiri kwanza asidi ya maliki, ile kali ya zabibu, imalize kugeuka kuwa ya laktiki iliyo laini zaidi, kwa kuwa bakteria wanaofanya kazi hiyo hawaivumilii salfaiti. Kwa lita 62, gramu 5 za metabisalfaiti ya potasiamu (salfaiti ya unga) zitakupa miligramu 46 hivi za salfa dioksidi kwa lita. Kisha jaza dumu mpaka shingoni. Nafasi tupu juu ya mvinyo mchache huuharibu haraka kuliko salfaiti yoyote inavyoweza kuulinda.