Hifadhidata ya vigawo: kila namba kubwa inaleta jibu lilelile

Tarakimu_Ubungo
Wakuu, habari za jioni. Tuna hifadhidata ya mtandaoni ya kuvunja namba kamili kuwa vigawo tasa, watumiaji wengi ni wanafunzi wa hapa Dar. Mtu anajaza namba kwenye fomu, PHP (lugha ya upande wa seva) inaipa programu ya `factor` ya Linux, jibu linaingia MySQL 8, safu ya BIGINT (namba kamili ya biti 64). Mpaka tarakimu 18 mambo safi. Kuanzia tarakimu 20, weka namba yoyote, jibu ni 7 × 7 × 73 × 127 × 337 × 92737 × 649657. Logi haina kosa hata moja. BIGINT ndiyo mchawi?

Fundi_Kijitonyama
Zidisha hivyo vigawo: unapata 9223372036854775807, yaani 2^63 − 1. Hapo ndipo BIGINT inapokomea. Badilisha safu iwe VARCHAR, yaani maandishi, umemaliza.

BintiMwenge
Hesabu sawa, mchawi siye. MySQL 8 isipolegezwa mipangilio haikati namba kimyakimya: inaikataa na kutoa kosa 1264. Tena `factor` inafanya kazi kabla ya kuhifadhi. Kosa lingekuwa kwenye safu, vigawo vingetoka sahihi. Namba imekatwa mapema, ndani ya PHP. Tafuta `intval()` au `(int)`, zinazogeuza maandishi kuwa namba kamili: maandishi ya namba inayozidi 2^63 − 1 yanageuzwa kuwa hiyo 2^63 − 1.

Ila usiifute tu. Hiyo `intval` ndiyo iliyokuwa inazuia mtu asiandike amri ya Linux kwenye fomu yako. Mahali pake weka `ctype_digit()` (inahakikisha ni tarakimu tupu), kikomo cha urefu, `ltrim` ya sifuri za mbele (007 na 7 zisiwe rekodi mbili), kisha `escapeshellarg()` (inazuia maandishi yasisomwe kama amri).

Safu ibadilishe pia. DECIMAL ya MySQL inaishia tarakimu 65, kwa hiyo chukua TEXT (maandishi marefu), na ufunguo wa kipekee uwe SHA-256 ya namba, yaani alama ya urefu usiobadilika inayokokotolewa kutoka kwenye namba. Kupanga, tanguliza urefu ndipo namba yenyewe, la sivyo 10 itakaa mbele ya 9.

Jaribu na 147573952589676412927, yaani 2^67 − 1. Lazima itoke 193707721 × 761838257287, jibu lililojulikana tangu 1903.

Tarakimu_Ubungo
Ilikuwa `intval` kweli, shukrani dada. Vigawo sasa ni sahihi na MySQL ina namba kamili. Ila ukurasani namba yenyewe inaonekana 147573952589676410000. Hizo sifuri zimetoka wapi? Halafu sasa baadhi ya namba zinafanya ukurasa ugande dakika nzima, kisha 504, yaani seva imechoka kusubiri.

BintiMwenge
JavaScript. Unatuma JSON (muundo wa kupeleka data kwa kivinjari) yenye namba tupu, na kivinjari kinahifadhi namba kamili bila kupoteza kitu mpaka 2^53 tu. Itume kama maandishi, ndani ya alama za nukuu, vigawo pia. Kama unahesabu upande wa kivinjari, tumia BigInt, aina ya namba kamili ya JavaScript isiyo na kikomo hicho.

Fundi_Kijitonyama
Nimekubali kuhusu BIGINT. Kwenye 504: nginx, yaani seva ya wavuti, inaisubiri PHP sekunde 60, ndiyo `fastcgi_read_timeout` ya kawaida. Kuiongeza ni kuahirisha tu. `factor` inategemea Pollard rho, njia inayofaa vigawo vidogo, na namba yenye vigawo viwili vya tarakimu 30 kila kimoja haitaimaliza leo wala kesho. YAFU, programu nyingine ya kuvunja namba, inaivunja kwa sekunde kwa njia ya SIQS, iliyoundwa kwa namba kubwa. Weka foleni: fomu iandike namba na hali "inasubiri", ukurasa urudi papo hapo, kazi ifanyike nyuma chini ya `timeout 300`, yaani ikatwe ikizidi sekunde 300. Kabla ya kuhifadhi, zidisha vigawo kwa `gmp_mul` ulinganishe na namba ya awali. Kisha `gmp_prob_prime`, kipimo cha utasa, kwa kila kigawo: 0 si tasa, 2 ni tasa kwa hakika, 1 ni "huenda tasa". Hiyo 1 usiiandike kama tasa.

Na usiweke kikomo cha maombi kwa anwani ya IP. Wenye bando la simu wanaweza kutoka mamia kwa anwani moja, utawafungia darasa zima.

BintiMwenge
Rekodi za zamani sasa. Zenye 9223372036854775807 utazijua kwa macho. Mbaya zaidi ni ndogo: mtu aliyebandika 147,573,952 na mikato yake, `intval` ilisoma 147 ikaishia hapo, na 3 × 7 × 7 ni jibu sahihi kabisa la swali ambalo hakuuliza. Kuzidisha hakutaligundua. Kama fomu ilikuwa GET (maandishi yanapitia kwenye anwani ya ukurasa), maandishi ya awali yamo kwenye access.log, logi ya nginx ya maombi. Ubuntu kwa kawaida inatunza logi za nginx siku 14, kwa hiyo zinakili leo kabla hujagusa kingine. Kama ilikuwa POST (maandishi hayapiti kwenye anwani, kwa hiyo hayamo kwenye logi hiyo), rekodi zote za kabla ya marekebisho zenye tarakimu tatu au chini ziwekee alama ya shaka.